Maua Meupe Mlangoni

Butembo, siku chache baada ya Noeli

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana, Mama. Kabla ya lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama bado unakimbilia misa ya kwanza wakati misa ya pili ipo na padri ni yuleyule. Mnakula? Mahindi ya nyuma ya nyumba yameshatoa maua? Sisi huku tu wazima, mimi na jina lako, Nkulu mdogo. Meno yake ya mbele yameng'oka, na Kinande anakisema kuliko Kiswahili. Asubuhi ananiamkia «wabukire» kama mtoto wa hapa, nami namwitikia kabla sijakumbuka kwamba mimi si mtu wa hapa.

Kabange mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Naijua tabia yako ya kuruka mistari ili ufike kwenye habari yenyewe. Leo usiruke. Na ukifika mahali ninapolia, usiigize kilio changu, soma tu.

Barua hii nampa sista mmoja anayepitia Kampala. Yeye atampa mwenzake, na mwenzake atampa mwingine, mpaka ifike Lusaka, halafu ivuke mpaka na kuingia Lubumbashi. Vita vimeikatakata nchi hivi kwamba barua ya Congo kwenda Congo inazunguka nchi za watu. Nikifikiri hivyo nacheka kidogo, kisha cheko linaisha.

Ujumbe wenu ulinifikia kwa njia hiyohiyo, Mama. Mlisema shemeji Kalenga, mkubwa wa mume wangu, amechoka kungoja. Anasema mdogo wake Ilunga amekufa, kila mtu anajua amekufa, na mvua zikiisha ataita ukoo, atatandika mikeka na kufanya kilio, ili roho ya marehemu ipumzike na vitu vyake vipate wenyewe. Lakini hawezi kuanza bila neno la mke. Kwa hiyo anangoja neno langu, ndiyo au hapana. Ulisema pia kwamba wewe mwenyewe unaona bora niseme ndiyo, nivae kitambaa cheusi, nirudi nyumbani, kwa sababu mtu hawezi kukaa maisha yake yote amesimama mlangoni. Simlaumu shemeji. Wewe pia sikulaumu. Nilikaa na ujumbe huo muda mrefu bila kujibu, kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila siwezi kulitupa hivihivi kama mtu anayetupia kuku mtama. Lazima nikueleze lilivyokuja.

Najua habari zetu mmezipata vipande vipande, maana barua zangu za mwanzo zilipotea. Basi nazipanga upya. Serikali ilipomtuma Ilunga kufundisha Beni, hakukuwa na vita. Tulikaa upande wa Beu, karibu na soko, nyumba ya mabati yenye mlango wa bluu. Watu walituita «wa Katanga» na kutucheka kwa sababu ya bukari wetu wa unga wa mahindi, kwani wao wanapika wa muhogo, tena mgumu hivi kwamba mkono wa mgeni unachoka kabla ya tumbo kushiba. Tulizoea, nao wakatuzoea. Na wewe unamjua mkweo: mikono yake haitulii. Akipata karatasi yoyote anaikunja. Pale alipopata ualimu wake, padri mmoja mzee aliwafundisha kukunja karatasi bila mkasi na bila gundi, nyota, ndege, visanduku, na Ilunga akafanya hiyo kuwa dini yake ya pili. Darasani aliwakunjia watoto. Nyumbani kila Noeli alikunja shada la maua, duara zima la vipande vilivyoshikana vyenyewe, akalitundika kwenye mlango wetu wa bluu. Alitumia makaratasi ya sabuni, ya majani ya chai, ya sigara, kila rangi aliyoiokota. Majirani walikuja kutazama.

Mimi nilijifunza kidogo tu. Kisanduku naweza: karatasi unaikunja katikati, pande zake unazileta zikutane, kona nne unazilaza kwa ndani, halafu ukingo unaurudisha juu yake uzibane. Ukifungua, sanduku limesimama. Lakini kona ya nne huwa inanikimbia. Inachomoka kutoka chini ya ukingo, na sanduku langu linasimama limefungua mdomo upande mmoja. Ilunga alisema sanduku langu lina mlango wa nyuma wa kutorokea. Kila alipolikuta mezani, alikuwa anaichomeka ile kona kwa kidole gumba, halafu anaweka harage moja nyuma yake. «Huyu ni askari,» alisema, «anachunga kona ya Mama Nkulu.» Haya ni mambo ya kipumbavu ya mke na mume, Mama, na Kabange asicheke. Nayaandika kwa sababu utayahitaji mbele.

Siku vita vilipoingia Beni, Ilunga hakuwepo. Alikuwa ametumwa kusimamia mitihani katika shule moja ya kijijini, upande wa Kamango, karibu na mpaka wa Uganda. Risasi zilianza asubuhi. Watu wote wa mtaa walishika barabara ya kusini, nami nikamfunga Nkulu mgongoni nikawafuata mpaka Butembo. Sikubeba hata sufuria. Tulilala katika jumba la parokia pamoja na wakimbizi wengine, na kila aliyefika nilimwuliza. Waliotoka upande wa Kamango waliinamisha kichwa. Walisema njia ile ilikula watu. Walisema pia kwamba mtu wa Katanga, akikamatwa huko, hawamwulizi maswali mengi, wanasema katumwa na Kinshasa kupeleleza. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia. Nikaanza kuuza mandazi sokoni. Karibu na Noeli hii nikapata chumba katika mtaa ulio juu ya kilima, nyumba ya udongo, jirani na bibi mmoja anayeitwa Mukaka Masika. Mukaka ni bibi kwa lugha yao.

Butembo ni baridi, Mama. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani, na watu wanavaa majaketi kama wazungu. Nilipohamia kile chumba sikumjua mtu. Watu walinisalimia vizuri, lakini kila mmoja aliingia kwake na kufunga mlango. Nilikuwa najisemea, hawa wamechoka na wageni, na wana haki.

Nkulu ndiye aliyeanza. Aliniuliza mbona hatuna maua ya Noeli mlangoni kama kule kwa baba. Sikujua kama anakumbuka. Nikaenda kwa mtu mmoja wa kupiga chapa mjini, ambaye hununua mandazi yangu, nikamwomba vile vipande anavyovikata pembeni mwa karatasi. Akanipa fungu zima, vyote vyeupe. Nikakunja siku kadhaa, kila nilipomaliza kuuza. Kipande unakikunja kiwe kama jani lenye mifuko miwili, jani moja linaingia katika jani la pili, la pili katika la tatu, mpaka duara lijifunge lenyewe. Kisha kila ncha unaipinda nje, inakuwa ua. Lilitoka zuri, naweza kujisifu kwa mama yangu. Jumamosi moja mchana nikalitundika mlangoni, nikamwacha Nkulu akicheza uani kwa Mukaka Masika, nikachukua bidoni ya kutekea maji nikashuka kwenye chemchemi.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Katika mtaa ule nilishaona milango miwili mitatu yenye maduara ya karatasi, yamekuwa ya kijivu kwa mvua na moshi. Nilidhani ni mapambo ya Noeli iliyopita ambayo watu wamekuwa wavivu kuyatoa. Tena nilikuwa nawasema moyoni. Kumbe si mapambo. Tangu vita, watu wao wengi wanafia njiani, mashambani, huko Lubero na Alimbongo, na mwili haurudi. Zamani maua meupe ya karatasi yaliwekwa juu ya jeneza. Sasa jeneza halipo. Basi wanaokosa mwili wanakunja yale maua na kuyatundika mlangoni, na mlango unapokea heshima ya jeneza. Ukiona maua meupe mlangoni kwa mtu, unajua habari ya kifo imefika.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Niliporudi na bidoni kichwani, uani kwangu palikuwa pamejaa. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, vitambaa wamefunga kiunoni. Wanaume wanapasua kuni, moto umewaka, sufuria kubwa ya maharage iko juu yake. Mukaka Masika amempakata Nkulu, anamlilia kwa Kinande kwa sauti nyembamba inayopanda. Mama, watu hawa kabla ya siku ile hawakuwahi kuingia kwangu. Nilifikiri nini? Nilifikiri habari imekuja nikiwa kwenye chemchemi. Nilifikiri kuna mtu amefika na neno, na wote wanajua isipokuwa mimi.

Bidoni ilianguka. Nikaanguka nayo. Nililia kilio ambacho nilikizuia tangu Beni, nilimwita Ilunga kwa majina yake yote, hata lile ambalo wewe hulijui. Wanawake wakanishika mikono, wakalia nami. Mmoja akanivua viatu, mwingine akanipangusa matope. Sijui ilichukua muda gani. Halafu sauti iliponiishia, nikauliza:

«Bamemukuta wapi?»

Wakatazamana.

«Weye njo unatuuliza?» akasema Mukaka Masika. «Siye njo tulikuwa tunangoya utuambie.»

«Nani alileta habari?»

«Hakuna mutu alileta. Mulango yako njo ilisema.» Akanyoosha kidole kwenye shada langu.

Nikalitazama. Nikamtazama Nkulu, ambaye alikuwa amekaa kwa adabu kama mtu aliyeambiwa afanye hivyo.

«Ile ni ya Noeli,» nikasema.

Mama, mwenye mwiko akaacha kukoroga maharage. Mwanamume mmoja kule kwenye kuni akajifanya anakohoa. Ndipo Mukaka akanieleza desturi yao, niliyokuandikia hapo juu, na kila alipoendelea ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha. Nikasema nimewasumbua, nimewapotezea kuni, nimewalisha machozi ya bure. Yule bibi akanikatiza.

«Bwanako iko wapi?»

«Sijui.»

«Ni mwaka ngapi haujue?»

Nikamwonyesha vidole viwili.

«Donc, haikuwa machozi ya bure,» akasema. «Kilio ya mutu mwenye hatujue kama amekufa, sina mayele yake, sijue banaifanyaka namna gani. Lakini moto imewaka na maharagi imeiva. Chakula ya kilio hairudiake kwenye imetoka. Tutakula.»

Tukala. Nakuambia, ni siku ile nilipofahamu kwamba nilichokuwa nakikosa hakikuwa habari peke yake. Kila mmoja alieleza mlango wake. Huyu mume, huyu watoto wawili wa kiume waliokwenda kuuza vitunguu Alimbongo, huyu mama yake. Walikuwa wananionea aibu muda wote, kwa sababu walisikia kwamba mimi ni mke wa mwalimu wa Serikali na wakadhani nitawadharau, wakati mimi nilidhani wamechoka na wageni. Watu wazima wote hao, kila mmoja nyuma ya mlango wake akimwogopa mwenzake.

Jioni ikikaribia akaingia Kahindo, binti wa ndugu yake Mukaka, mwanamke wa biashara. Anapeleka chumvi na sabuni Kamango, anarudi na karanga na vitenge vya Uganda. Alikuwa ameteremka tu kwenye gari, akasikia kuna kilio kwa jirani wa shangazi yake, akaja na mkono usio mtupu. Akapitisha karanga za kukaanga kwa waliokaa. Watu wote nchi hii wanafunga karanga kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe ya mbuzi. Kahindo alizitia kwenye visanduku.

Nilishika kimoja. Kilikunjwa kwa karatasi ya kalenda, picha ya pikipiki imekatika katikati. Ukingo ulikunjwa mara mbili, na mwisho wa ukingo palikuwa na kikona kilichofinywa kikasimama, kama sikio la mbuzi. Ilunga pekee ndiye namjua anayefinya sikio hilo. Alikuwa akifanya hivyo ili watoto wenye mikono ya maji wapate mahali pa kushika.

«Nani alikufundisha iyi?» nikamwuliza.

«Iko mwalimu moja kule Kamango,» akasema Kahindo, anatafuna. «Mbele tulikuwa tunafunga mu kornet ya kusokota, karanga yote inamwangika. Yeye akasema hapana, kunja hivi.»

«Jina lake?»

«Bote banamuitaka Mwalimu. Anaikala ku nyumba ya mama mujane moja, anafundisha batoto yake. Muguu yake moja haitembee muzuri. Hasemake sana.»

Mukaka Masika akaweka kisahani chini.

Usifikiri nilishangilia, Mama. Nilijizuia. Nilijiambia, mwalimu anaweza kuwa mwalimu yeyote. Ilunga alifundisha watoto wengi kufinya sikio la mbuzi, na mmoja wao angeweza kulifikisha Kamango na zaidi. Alama ya mtu inaweza kuendelea kutembea hata mwenyewe akiwa amelala chini. Na mimi nilikuwa nimetoka kumlilia saa ileile. Sikuwa na nguvu ya kumzika mara mbili.

Nikasema nitaandika barua, Kahindo ampelekee. Kahindo akatikisa kichwa. Njia ya Kamango ina vizuizi, na wenye bunduki hufungua kila maandishi. Mtu mmoja aliyekutwa na karatasi ya Kifaransa, hata kama ilikuwa ya dawa, alikaa ndani mpaka nduguze wakachoka. Kama yule mwalimu anajificha, barua yangu ndiyo itakayomtaja.

«Basi nipe karatasi isiyoandikwa kitu,» nikasema.

Mukaka akatoa karatasi ya sabuni, safi, ya kijani. Nikakunja kisanduku mbele yao wote. Kona tatu zikakaa. Ya nne ikachomoka, kama kawaida yake. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono anisaidie kuichomeka, nikamwambia aache. Tukatia karanga.

«Nimuambie nini?» Kahindo akauliza.

«Usimwambie kitu. Mpe, halafu umtazame.»

«Na ku barrière, kwa benye bunduki?»

«Basoda bataona karanga,» akajibu Mukaka kwa niaba yangu, «batakula karanga.»

Kahindo akaondoka. Yaliyofuata ni kungoja, na kungoja unakujua wewe uliyemngoja Baba kila zamu ya mgodini. Mukaka hakuniacha peke yangu. Alikuja akalitazama shada langu, akasema Noeli nyeupe hivi itawaua watu kwa huzuni, litiwe rangi. Basi mtaa mzima ukaleta karatasi: za sabuni, za majani ya chai, karatasi za fedha za ndani ya paketi za sigara, kalenda ya mfanyabiashara mmoja wa mjini tabasamu lake likiwa bado linaonekana. Vipande vyeupe vilivyobaki tukavichovya katika bulu ya kufulia na mafuta ya mawese. Nikawafundisha. Walicheka vidole vyao, vidole vya jembe vinavyohangaika na kipande kidogo cha karatasi, lakini walikunja. Nyota kwa watoto, visanduku vya kuwekea mishumaa isiyowashwa, shada kwa mlango. Siku ya Noeli mtaa ulikuwa na milango ya rangi, na wapita njia walisimama.

Si wote. Yule mama wa watoto wawili wa Alimbongo alikaa nasi, alikunja nyota nyingi kuliko sisi sote, akazigawa. Mlango wake aliuacha na maua yake ya kijivu. Yeye anajua habari yake. Aliniambia tu, «Yako uipake rangi, mama. Ya weye ingali ina swali.»

Jana Kahindo alirudi. Nilikuwa nakanda unga. Alinyoosha mkono, akaniwekea kisanduku kilekile cha kijani kiganjani, kimechakaa, kimekuwa na mafuta ya karanga. Akasimama ananitazama, nadhani kama nilivyomwambia amtazame yule mwalimu.

Kona ya nne ilikuwa imechomekwa. Nikasema moyoni, hiyo yeyote anaweza kuichomeka, hata Kahindo mwenyewe njiani. Nikaingiza kidole nyuma yake.

Palikuwa na harage moja.

Mama, sitaandika nilivyofanya. Unga uliharibika, hilo naweza kusema. Nilipoweza kuzungumza nilimwomba Kahindo anieleze yote, naye akakaa juu ya bidoni akaeleza bila haraka, maana watu wa biashara wanajua bei ya habari njema.

«Alikula karanga kwanza,» akasema. «Ile ingine akampa mutoto wa mujane. Halafu njo akageuza kisanduku, akaona kona. Akacheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaikala kule mupaka chakula yake ya sombe ikapoa. Alipotoka, macho iko nyekundu. Akaniuliza: mutoto? Nikamujibu: muzima, ameng'oka meno. Akatembea kidogo na muguu yake ile, akarudi, akauliza tena: mutoto? Nikamujibu tena.»

Alidhani tulifia Beni, Mama. Mtu aliyetoka kule alimwambia mtaa wetu wa Beu uliteketea na hakuna aliyetoka. Mwaka mzima na zaidi naye alikuwa Kamango anatulilia sisi, bila mlango wa kutundika maua. Kila mmoja wetu alikuwa na kilio cha mwenzake mkononi. Na angekuwa anaendelea hivyo hata leo kama mimi ningejua desturi za watu na kutundika karatasi ya rangi inayofaa. Nimelifikiri jambo hili usiku kucha na sijalimaliza. Mimi huwa nasema Mungu hapotezi kitu, lakini sikujua kwamba hata ujinga wangu anaupangia kazi.

Mguu wake ulivunjika alipokuwa akikimbia, ukaunga vibaya. Safari ya miguu kwa vichochoro hawezi bado, na barabara kubwa ina vizuizi visivyompenda mtu anayesema Kiswahili chetu. Kahindo anasema wakati wa mavuno ya kahawa magari yanajaa watu na magunia, na wenye bunduki wanachoka kuuliza. Atakuja hivyo, amekaa juu ya magunia kama mchukuzi, amefunga mdomo. Naogopa, sitakudanganya. Njia ileile iliyokula watu bado ina njaa. Lakini sasa naogopa kwa ajili ya mtu aliye hai, na hofu hiyo naweza kulala nayo.

Basi hili ndilo neno langu kwa shemeji Kalenga, umsomee mwenyewe, Kabange, bila kuongeza chumvi: hapana. Mwambie namheshimu, na najua alitaka kumpumzisha mdogo wake kwa upendo. Mwambie akunje mikeka yake aiweke juu ya dari. Kama tayari amemlilia, asione haya, hata sisi huku tulimlilia na kumlia maharage. Mukaka Masika anasema mtu aliyeliliwa kabla ya wakati anaishi mpaka anawachosha wajukuu. Sijui kama ni desturi yao au amelitunga kunifurahisha. Nimelipokea.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie mwanawe bado anakula taratibu na kuacha chakula kipoe. Nisalimie kaka Monga wa reli, na mkewe aliyenishonea ile blauzi ambayo bado naivaa siku za misa. Nisalimie shangazi anayeuza samaki wakavu sokoni, na jirani yetu mzee wa katekisimu aliyenibatiza jina la Mdomo. Kabange, wewe nakusalimia peke yako, na usirudie kusoma sehemu ya harage mbele ya watu. Majirani wa huku, ambao hawakujui, wamenituma nikuambie «wasingya», Mama, yaani asante. Nilipowauliza asante ya nini, walisema ya kumzaa mtu asiyejua kitu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya kijani iliyolazwa. Si ile yake, ile siitoi. Hii nimeikunja mimi leo asubuhi. Ivute pande mbili taratibu, itasimama iwe kisanduku, uiweke juu ya kabati karibu na picha ya Baba. Utaona kona ya nne imechomoka. Usiichomeke, Mama, na umzuie Kabange. Mwenye kuichomeka atakuja mwenyewe.

Mwanao,
Mama Nkulu